Warithi jumba bovu na wazee watatu: Filamu ya 1957 inayofaa kutazamwa na familia

Familia nyingi zinapozungumzia urithi, vinavyotajwa kwanza ni kiwanja, nyumba au shamba. Ni mara chache mtu kuuliza habari za mzee aliyelinda geti la nyumba hiyo kwa miaka thelathini, au mama aliyekuwa akikusanya kodi na kuandika hesabu kwenye daftari. Mwenye mali akishazikwa, hao huambiwa tu wakabidhi funguo.

Suala hilo ndilo moyo wa filamu moja ya kuchekesha ya Uingereza iitwayo The Smallest Show on Earth, iliyotoka mwaka 1957. Ni filamu isiyo na rangi, ina urefu wa dakika 80 hivi, na watu wengi hawajawahi kuisikia. Marekani ilipewa jina jingine kabisa, Big Time Operators, jambo linaloifanya iwe ngumu zaidi kuikumbuka. Inapotajwa orodha ya vichekesho vikubwa vya Uingereza vya miaka hiyo, mara nyingi hii huachwa nje.

Hata hivyo, kwa mzazi anayetafuta kitu cha kutazama na watoto jioni ya Jumamosi, kisicho na damu wala matusi, na ambacho kitazua mazungumzo baada ya kwisha, filamu hii ni hazina iliyojificha. Kichekesho chake hakitokani na mtu kuanguka kwenye matope. Kinatokana na vijana wawili waliodhani wamepata utajiri, kumbe wamepata watu wa kuwatunza.

Ndoto ya utajiri

Matt na Jean Spenser ni wanandoa vijana. Matt ni mwandishi asiye na kipato cha uhakika, mwenye ndoto ya kusafiri hadi Samarkand, mji wa kale wa Asia ya Kati. Siku moja wanapata habari kutoka kwa wakili kwamba ndugu wa babu yake Matt, mzee Simon ambaye hawamfahamu vizuri, amefariki dunia na kumwachia jumba la sinema katika mji wa Sloughborough. Mji huo ni wa kubuni, lakini umechorwa kama miji ya viwanda ya Uingereza, yenye moshi, reli na mvua.

Wanafunga safari kwa furaha. Wanapofika wanaona jumba kubwa la kifahari, Grand, na kwa dakika chache wanaamini ndilo lao. Kisha ukweli unajitokeza. Urithi wao ni kijumba kiitwacho Bijou, kilichobanwa kati ya madaraja mawili ya reli. Bijou ni neno la Kifaransa lenye maana ya kito, lakini wenyeji wa mji hukiona kijumba hicho kama shimo la viroboto. Kila treni inapopita, jengo zima hutikisika na picha huchezacheza kwenye pazia.

Wakili anawapa tumaini kidogo. Bwana Hardcastle, mmiliki wa Grand, aliwahi kumpa marehemu ofa ya pauni 5,000 ili abomoe Bijou na kupafanya maegesho ya magari ya wateja wake. Vijana wanakwenda kumwona wakijua fedha ziko mkononi. Hardcastle anawatazama, anaona hawana pa kwenda, na kuwatajia pauni 500 tu.

Hapo ndipo wakili anapowapa ujanja. Wajifanye wanataka kulifungua upya jumba hilo. Wapige rangi, wasafishe, watangaze. Hardcastle akiona ushindani unakuja, atapandisha bei, nao watauza na kuondoka zao.

Ni ujanja ambao dalali yeyote angeuelewa. Shida ni kwamba ndani ya jumba hilo kuna watu.

Wazee watatu waliokuja na jengo

Bijou ina wafanyakazi watatu, wote wamezeekea humo.

Wa kwanza ni Bi Fazackalee, mkatisha tiketi na mtunza hesabu. Enzi za filamu zisizo na sauti, yeye ndiye aliyekuwa akipiga piano gizani chini ya pazia ili watazamaji wajue wakati wa kucheka na wakati wa kulia. Sauti ilipoingia kwenye filamu, piano haikuhitajika tena, naye akahamia kwenye kidirisha cha tiketi.

Wa pili ni Bwana Quill, mwendesha projekta. Anaifahamu mashine yake kuukuu kama mwenye mke anavyojua tabia za mkewe. Treni inapopita, huikumbatia mashine ili isiruke kutoka mahali pake. Tatizo lake ni pombe, na yeye mwenyewe anajua.

Wa tatu ni Mzee Tom, bawabu, mfagizi na mwonyesha viti. Anazungumza kidogo. Ana ombi moja tu duniani, nalo ni kupata sare. Bawabu wa Grand ana sare nzuri inayong'aa, na Mzee Tom anataka na yeye siku moja asimame mlangoni akiwa amevaa kama mtu mwenye kazi inayoheshimika.

Mtazamaji huanza kwa kuwacheka watu hawa. Wamechakaa, wanagombana kama watoto, na kila mmoja anadhani bila yeye sinema isingekuwepo. Lakini filamu inapoendelea, kicheko hicho hubadilika. Watoto hasa huwa wepesi kulitambua hili. Mtoto anayemcheka Mzee Tom dakika ya ishirini anaweza kuuliza kabla filamu haijaisha, "Kwani sare atapewa lini?"

Uongo unaouma

Kinachoifanya filamu hii iwe na uzito ni kwamba wale wazee hawachezi mchezo. Kwa Matt na Jean, kufungua Bijou ni geresha ya wiki chache. Kwa wazee watatu, ni jumba lao linafufuka. Wanasugua, wanapanga viti, wanapanda ngazi ambazo magoti yao hayaziwezi tena. Bwana Quill anaahidi kuachana na chupa. Wamekaa miaka mingi wakingoja mtu aje aseme, "Tunaanza tena kazi," na sasa amekuja kijana mwenye damu ya marehemu tajiri wao na kusema hivyo.

Vijana si watu wabaya. Hawamtukani mtu, hawamnyimi mtu mshahara. Wanajiambia tu kwamba wazee wataelewa mambo yakishakwisha. Wazazi wengi wataitambua sauti hiyo. Ndiyo sauti ya ndugu wanaomwambia bibi kwamba anakwenda mjini "kutembea kidogo" huku nyumba yake ya kijijini imeshapata mnunuzi. Ndiyo sauti ya mzazi anayemwambia mtoto kwamba mbuzi wake "amepelekwa kwa rafiki zake".

Siri inavuja kwa njia ya kuchekesha na ya kusikitisha kwa pamoja. Mzee Tom amesikia mipango ikizungumzwa, na bila kukusudia anaropoka mbele ya Hardcastle mwenyewe. Mara moja ujanja unakufa. Hardcastle hana tena sababu ya kupandisha bei.

Sasa Matt na Jean wamebaki na njia mbili. Wachukue fedha kidogo waondoke, au wafanye kweli kile walichokuwa wakikiigiza. Wanachagua kufungua. Kuanzia hapo filamu inakuwa nyingine. Walioanza kwa kudanganya wanalazimika kujifunza kazi, na walimu wao ni wale wazee watatu.

Biashara yenyewe haikosi vituko. Baada ya mwanzo wa kusuasua, wateja wanaongezeka. Vijana wanaonyesha filamu ya jangwani, kisha Matt anapandisha joto la jengo hadi watazamaji wanaanza kutokwa jasho. Taa zinapowaka wakati wa mapumziko, aiskrimu inauzwa kama maji ya mtungi kijiweni. Hardcastle naye hajakaa kimya. Anapenyeza chupa ya whisky ndani ya mzigo wa mikebe ya filamu, akijua nani atakayeifungua. Bwana Quill anashindwa kujizuia, Matt anajaribu kuendesha projekta mwenyewe, na onyesho linaharibika mbele ya watu.

Onyesho la usiku

Lipo onyesho moja ambalo watu walioiona filamu hii hulitaja kuliko mengine yote, na halina kichekesho ndani yake.

Ni usiku, watazamaji wote wamekwenda. Matt na Jean wanasikia piano. Wanaingia taratibu na kuwakuta wazee watatu peke yao, wakijionyeshea filamu ya kale isiyo na sauti. Bwana Quill yuko kwenye projekta, Bi Fazackalee anapiga piano kama zamani, na Mzee Tom amekaa akitazama kwa machozi. Vijana wanatazama kwa muda, kisha wanatoka bila kuwasumbua.

Filamu wanayoitazama wazee hao si ya kubuni. Ni Comin' Thro' the Rye ya mwaka 1923, kazi ya Cecil Hepworth, mmoja wa waanzilishi wa filamu nchini Uingereza. Mwaka uliofuata, 1924, kampuni ya Hepworth ilifilisika. Mikanda mingi ya kazi zake iliyeyushwa ili kupata madini ya fedha yaliyokuwa ndani yake. Kazi ya maisha ya mtu iliuzwa kwa kilo.

Filamu haimwelezi mtazamaji habari hizo. Lakini aliyezijua anaelewa kwa nini watengenezaji walichagua mkanda huo na si mwingine. Mzee wa Bijou anaweza kuonekana hana thamani kwa mtu anayehesabu bei ya kiwanja, na mkanda wa zamani unaweza kuonekana ni madini tu kwa mtu anayeutia kwenye tanuru.

Kwa mzazi, hapo ndipo pa kusimamisha filamu kidogo, kama watoto wana umri wa kuanzia miaka minane au tisa, na kuwauliza wanadhani vijana wale wawili wanafikiria nini wanapotoka nje kimyakimya.

Wakati sinema zilipokuwa zinafungwa

Filamu hii ilitengenezwa wakati ambao kichekesho chake kilikuwa jambo la kweli mitaani. Mwaka 1946, mara tu baada ya Vita Kuu ya Pili, tiketi za sinema zilizouzwa Uingereza zilipita bilioni 1.6. Kufikia 1957 zilikuwa zimeshuka hadi milioni 915 hivi. Mwaka 1960 zilibaki kama milioni 500.

Chanzo kikubwa kilikuwa runinga. Familia nyingi zilinunua runinga mwaka 1953 ili zione kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na mwaka 1955 kituo cha kwanza cha biashara, ITV, kikaanza kurusha matangazo. Baba aliyekuwa akiwapeleka watoto sinema mara mbili kwa wiki sasa alibaki nyumbani. Majumba madogo yalianza kufungwa moja baada ya jingine, na wafanyakazi wa aina ya Bi Fazackalee wakarudishwa majumbani.

Kwa hiyo watengenezaji wa filamu walikuwa wanacheka huku nyumba yao wenyewe inaungua. Pengine ndiyo maana hawakuwadhihaki wazee wale. Mwongozaji, Basil Dearden, na mwandishi wa hadithi, William Rose, walijua kwamba wao pia wanaweza kuamka siku moja na kuambiwa kazi yao imepitwa na wakati. Rose, Mmarekani aliyefanya kazi Uingereza, alikuwa tayari ameandika vichekesho vilivyopendwa sana, Genevieve na The Ladykillers. Miaka kumi baadaye alipata Oscar kwa kuandika Guess Who's Coming to Dinner.

Bijou yenyewe haikuwahi kuwepo. Sura yake ya mbele ilijengwa kwa ajili ya filamu tu katika eneo la Kilburn, London, kati ya madaraja mawili halisi ya reli, kisha ikabomolewa. Jumba lililotumika kama Grand, lile la tajiri, lilikuwa Gaumont Palace la Hammersmith, ambalo lipo hadi leo na siku hizi ni ukumbi wa muziki.

Wazee ambao hawakuwa wazee

Watoto hufurahi wakiambiwa siri za waigizaji, na hapa ipo moja nzuri. Kati ya wazee watatu wa Bijou, mwenye umri mkubwa kweli alikuwa mmoja tu.

Margaret Rutherford, aliyeigiza Bi Fazackalee, alikuwa na miaka 64. Bernard Miles, Mzee Tom, alikuwa na miaka 49. Na Bwana Quill, mzee aliyejikunja mgongo mwenye mikono inayotetemeka, ni Peter Sellers, kijana wa miaka 31. Alikuwa mdogo kwa umri kuliko Bill Travers, aliyeigiza kijana Matt.

Sellers wakati huo alijulikana zaidi kwa vipindi vya redio. Dunia ilimjua miaka michache baadaye alipoigiza Inspekta Clouseau katika The Pink Panther. Mtoto akishajua kwamba yule mzee ni kijana, mtafute filamu pamoja mara ya pili na mumtazame mikono, shingo na namna anavyopanda ngazi. Ni somo zuri la uigizaji, na pia ni somo la kuangalia wazee kwa makini, maana Sellers asingeweza kuwaiga bila kuwatazama.

Rutherford naye alipata Oscar kwa filamu ya 1963, The V.I.P.s, akiwa amevuka miaka 70. Miles alianzisha ukumbi wa maigizo wa Mermaid jijini London, uliofunguliwa 1959.

Kutoka Bijou hadi Meru

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, waigizaji wakuu wawili wana sababu ya pekee ya kukumbukwa. Bill Travers na Virginia McKenna, waliokuwa Matt na Jean, walifunga ndoa ya kweli mwaka huo huo wa 1957. Baadaye walikuja Kenya kuigiza George na Joy Adamson katika Born Free, filamu ya 1966 kuhusu Elsa, simba jike aliyelelewa na binadamu kisha akafundishwa kurudi porini. Elsa mwenyewe alikufa 1961 na kaburi lake lipo katika Hifadhi ya Taifa ya Meru.

Wanandoa hao walirudi Kenya kupiga filamu nyingine, An Elephant Called Slowly, ya 1969. Humo alikuwamo mtoto wa tembo aliyeitwa Pole Pole. Kazi ilipokwisha, walipata habari kwamba Pole Pole angepelekwa Uingereza kama zawadi ya serikali kwa bustani ya wanyama ya London. Waliomba wamnunue ili abaki. Wakajibiwa kwamba ingewezekana, lakini tembo mwingine angekamatwa porini badala yake. Hawakukubali mwingine afungwe kwa ajili yao, na Pole Pole akasafirishwa.

Mwaka 1982 walikwenda kumwona London na kumkuta yuko peke yake. Alikufa 1983. Mwaka uliofuata Travers na McKenna walianzisha kampeni ya kutetea wanyama walioko vizuizini, ambayo baadaye ilikua na kuwa shirika la Born Free, linalofanya kazi hadi sasa, Kenya ikiwemo. Travers alifariki 1994.

Haiwezekani kusema kwamba kichekesho cha 1957 ndicho kilichowafundisha hayo. Lakini anayetazama Bijou akijua habari ya Pole Pole huona jambo lile lile likijirudia katika maisha halisi: kiumbe kinachokabidhiwa kutoka mkono hadi mkono pamoja na mali, na watu wawili wanaogundua kwamba hawawezi kuondoka na kusahau.

Mzazi ajue nini kabla ya kuwaita watoto

Kwanza, Kiingereza cha filamu hii ni cha zamani na baadhi ya wahusika wana lafudhi nzito. Kwa watoto wadogo, mzazi atalazimika kuwa mtafsiri, kama wale wanaotia sauti ya Kiswahili kwenye filamu za kigeni mitaani. Hilo si hasara. Mtoto anayesimuliwa na baba au mama hukaa karibu na kuuliza maswali.

Pili, ulevi wa Bwana Quill umechekeshwa, kama ilivyokuwa kawaida ya vichekesho vya wakati ule. Kwenye familia ambayo ina ndugu mwenye shida hiyo, mtoto anaweza asicheke. Ni vizuri kuzungumza naye kuhusu Hardcastle, mtu mzima aliyempelekea mlevi chupa makusudi, na kumuuliza nani hasa alikosa.

Tatu, msichana anayeuza aiskrimu, Marlene, ameajiriwa zaidi kwa sababu ya umbo lake, na filamu inalichukulia hilo kama utani tu. Hakuna jambo la aibu linaloonyeshwa, lakini wenye mabinti wakubwa watapata la kujadili.

Nne, na kubwa zaidi, ni mwisho wake. Asiyetaka kuujua kabla ya kutazama aruke aya mbili zifuatazo.

Bijou inapokuwa imeelemewa na karibu kufungwa, jumba la Grand linaungua moto. Hardcastle hana pa kuonyeshea filamu, na sasa ni yeye anayebembeleza. Analipa pauni 10,000 kwa kijumba alichotaka kukipata kwa 500, na wale wazee watatu wanabaki na kazi zao. Mzee Tom anapata sare. Matt na Jean wanapoondoka kwa treni, Mzee Tom anawaambia maneno machache yanayowafanya waelewe kwamba moto ule haukuwa ajali.

Filamu haimwadhibu. Inaacha jambo lile likining'inia, na hapo mzazi hawezi kukwepa. Mtoto atauliza kama Mzee Tom alifanya vizuri. Jibu la haraka ni hapana, kwa sababu kuchoma mali ya mtu ni kosa na watu wangeweza kufa. Lakini lipo swali jingine nyuma yake, ambalo watoto wakubwa huweza kulipata wenyewe: kwa nini mzee mpole, aliyetaka sare tu, alifika mahali pa kushika kiberiti? Nani aliwahi kukaa naye chini na kumwambia ukweli kuhusu kazi yake?

Mazungumzo ya baada ya filamu

Filamu nyingi za familia humaliza kazi ya kufundisha zenyewe. Mhusika mwema anashinda, mbaya anaaibika, watoto wanakwenda kulala. Hii inamwachia mzazi sehemu ya kazi, na ndiyo sababu inafaa kutazamwa pamoja sebuleni badala ya kila mtu na simu yake.

Mazungumzo hayo si lazima yawe mazito. Mtoto anaweza kuulizwa ni nani kati ya wazee watatu angependa awe babu au bibi yake. Anaweza kuulizwa Matt na Jean wangewaambia nini wazee siku ile ya kwanza kama wangetaka kuwa wakweli, kisha aigize maneno hayo. Wakubwa wanaweza kuulizwa kama pauni 500 zingetosha kugawana na watu watatu waliofanya kazi miaka yote, na kila mmoja angestahili kiasi gani.

Wapo pia watu wazima wanaohitaji mazungumzo hayo kuliko watoto. Kama kuna duka la baba linalotaka kufungwa, shamba la mama linalotaka kuuzwa, au nyumba ya ukoo inayosubiri kikao, yupo mtu ambaye amekuwa humo muda mrefu kuliko warithi. Pengine ni mlinzi, pengine ni shangazi asiyeolewa, pengine ni kijana aliyekuja akiwa na miaka kumi na tano na sasa ana mvi. Kabla ya kumwita dalali, ni vema huyo akaitwa kwanza, akapewa kiti, akaambiwa mpango mzima ulivyo na kuulizwa yeye anaonaje.